Mshipi Uliobaki Majini

Ndugu zangu, tulieni. Huyo mtoto mpeni titi anyamaze, maana mfano huu hamjausikia popote, hata kule kwenye makanisa yenye vipaza sauti vikubwa kama kabati.

Kulikuwa na mtu mmoja, mkewe kajifungua juzi, maziwa hayatoki. Mama mkwe akamwambia, "Baba, mtafutie mzazi kambare wa mchuzi, leo hii. Mtoto kalia mpaka sauti imekwisha."

Akashuka mtoni. Mafuriko yalikuwa yamepungua, kambare wamejaa, na watu wamejaa kuwazidi kambare. Ukingoni wamebanana hata chura hapati pa kuchuchumaa! Lakini walikuwa na adabu yao: pakijaa hivyo, kila mtu ufito mmoja wa kuvulia, na uzi wake mmoja wa ndoano, yaani mshipi. Na mtu akinasa samaki anaita, "Mishipi juu!" Wote wanainua mishipi yao kutoka majini, samaki asije akajizungusha humo akaikata.

Yule bwana hakusalimu mtu. Alijipenyeza, akachomeka fito mbili, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Shemeji," jirani yake akasema, "leo tuko wengi. Mmoja unatosha."

"Wewe una mzazi ndani?"

"Kwani hapa nani hana lake nyumbani?"

Moyoni alisema, hawa wanatafuta kitoweo, mimi natafuta uhai wa mwanangu. Je, alikosea kumpenda mwanawe? Hapana. Subirini.

Punde jirani akanasa. "Mishipi juu!" Wote wakainua. Yule bwana aliona chambo chake kinaguswaguswa, akaacha fito zake pale pale. Samaki wa jirani akajizungusha kwenye mshipi wa bwana huyo, paa! Kaenda.

Jirani akayatazama maji. "Haya," akasema, akaanza kufunga ndoano nyingine.

Jua likafika utosini. Ndipo ufito wa kulia ukapinda mpaka ncha ikanywa maji. Kambare! Ndugu zangu, kichwa kama sufuria ya harusi, masharubu kama kamba za kufungia ng'ombe! Yule bwana akauona mchuzi unachemka, akamwona mtoto amelala ameshiba. Akapiga ukelele uliosikika vijiji saba:

"Mishipi juu! Jamani, mwanangu! Mishipi juu!"

Wakainua wote. Wa kwanza kuinua alikuwa yule jirani. Mto mzima ukabaki mweupe, hakuna hata uzi mmoja wa wenzake. Kambare akavutwa, akaja, akaja, mgongo ukaonekana. Halafu akakata kushoto. Akakutana na mshipi, akajizungusha.

"Nani huyo hajainua?" bwana akafoka. "Nani ana roho mbaya hivyo?"

Wenzake walisimama na fito zao juu, wanautazama ule ufito wake wa pili uliochomekwa kwenye matope.

Paa! Maji yakatulia.

Akarudi nyumbani. Alipofika mlangoni hakusikia kilio, maana mtoto alikuwa hana tena nguvu ya kulia.

Na sisi je? Sisi tunaopiga magoti hapa tukisema, "Bwana, niondolee wanaonizibia njia." Bwana anawaondoa! Jirani anapisha, shemeji anapisha, hata yule uliyemkosea juzi anapisha. Sasa huo mshipi uliobaki majini ni wa nani?

Usimtazame mwenzako wa kwenye benchi. Tazama mkono wako wa kushoto. Inua, ndugu yangu. Inua sasa, wakati mtoto bado analia.