Nani Aende na Nakunda?

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema, maana mwisho nitataka jibu. Kesi hii imenishinda.

Katika kitongoji kimoja cha Upare, juu kule wanakolima tangawizi, waliishi watu watatu. Bi Nanzia alijaliwa macho: akimtazama mgonjwa mara moja, alijua kama ni wa kupewa uji au wa kukimbizwa hospitali. Mkwewe, Mbonea, alijaliwa miguu. Aliteremka mlima na gunia begani bila kupumzika. Wa tatu ni Zaina, mke wa pili wa Mbonea. Huyu alijaliwa damu, ila mwenyewe alikuwa bado hajajua.

Kilichowaunganisha ni mtoto, Nakunda, mwenye miaka saba. Mama yake, binti wa Bi Nanzia, alifariki Nakunda akiwa na miaka mitatu. Mbonea akamwoa Zaina kabla mwaka wa msiba haujaisha, na tangu siku ya harusi ile Bi Nanzia na Zaina hawakusemezana. Miaka minne. Salamu zao zilipita kwa mtoto. "Nakunda, mwambie huyo mke wa baba yako nimeleta ndizi." "Nakunda, mwambie bibi ahsante."

Alhamisi moja Nakunda alirudi kutoka shule adhuhuri, akaanguka mlangoni. Mwili ulikuwa moto, meno yamekazana, macho yamegeuka. Majirani wakasema ni degedege, wakaanza kutafuta majani ya kumfukiza. Bi Nanzia akawapangua, akamkunjua mtoto viganja, akaivuta chini kope ya jicho. Kote kulikuwa kweupe.

"Huyu hana damu," alisema. "Malaria imempanda kichwani. Mkimfukiza, kesho mtamzika. Baba Nakunda, mshushe hospitali sasa hivi."

Mbonea akasita. "Mama, barabara imekatika, udongo umeporomoka. Tungoje asubuhi waifungue."

"Asubuhi utamshusha nani?"

Basi Mbonea akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akashika njia ya miguu. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alianguka kwa magoti ili mtoto asiguse chini. Kwenye korongo maji yalimfika kiunoni. Njia ya saa nne aliimaliza kwa saa mbili, na daktari akamwambia, "Ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Dawa ikaanza, lakini damu ya kumwongezea haikuwepo. Wakampima Mbonea, haikulingana. Jioni ile akaingia Zaina, tope hadi magotini. Hakuitwa na mtu. Alikuwa amemfuata mumewe kwa miguu.

"Wewe ndiye mama yake?" muuguzi aliuliza.

"Mimi ni mke wa baba yake. Nipimeni."

Ikalingana. Wakamtoa chupa nzima, naye akalala kitanda cha jirani akiitazama damu yake ikimwingia mtoto tone kwa tone.

Siku ya tano Nakunda akafumbua macho, akaomba uji. Bi Nanzia, aliyekuwa ameshushwa na gari la kwanza kupita, alimsogelea kwa nyuma akamwita jina. Mtoto hakugeuka. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Mara sufuria likadondoka sakafuni, wodi nzima ikashtuka, na Nakunda akaendelea kunywa uji wake.

Daktari akampima kwa siku mbili. "Uhai tumeuokoa," alisema. "Masikio ugonjwa umeondoka nayo, na sitarajii yatarudi."

Walirudi nyumbani. Mwanzoni mtoto alisema kwa kupiga kelele, kisha maneno yakaanza kupinda, kisha yakapungua. Alikuwa akiwashika watu videvu ili awatazame midomo, na asipoelewa aliwapiga. Wenzake wakamchoka. Bibi na mama wa kambo nao wakakosa hata mtu wa kupitishia salamu.

Baada ya miezi minne akaja mwalimu kutoka shule ya watoto viziwi, mwendo wa siku nzima kwa basi. "Tutampokea," alisema. "Lakini akijifunza lugha ya alama peke yake, likizo ataongea na nani? Ndiyo maana tunamchukua pamoja na ndugu mmoja, akae mwaka mzima ajifunze naye. Mmoja tu. Nafasi nyingine hatuna."

"Si huyo mmoja atakuja kutufundisha sisi?" Mbonea aliuliza.

"Alama chache tu," mwalimu akajibu, "lugha yenyewe ni ya kuishi nayo mwaka mzima."

Bi Nanzia akacheka bila furaha. "Kwa mdomo tumeshindwa kusemezana. Ndiyo tutafundishana kwa mikono? Nitakwenda mimi. Bila macho yangu mngemfukizia hapahapa akafa. Na ndicho kitu pekee alichoniachia binti yangu."

"Macho yako yalikuwa wapi ulipompeleka kwenye harusi kule chini tambarare kwenye mbu, wiki mbili kabla hajaugua, mkalala bila chandarua?"

Ni Zaina aliyesema. Kwa miaka minne, hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia Bi Nanzia uso kwa uso.

"Na wewe?" bibi akajibu. "Jumatano alikwambia kichwa kinamuuma, ukampa ndoo akachote maji."

Zaina hakukana. "Nilimpa. Sikujua. Damu yangu imo mwilini mwake, na mpaka siku anaanguka alikuwa akiniita mke wa baba. Nikiijua lugha yake, huenda ataniita kitu kingine."

"Mimi ndiye baba," alisema Mbonea. "Nilimbeba."

"Ulitaka kungoja asubuhi," wakasema wanawake wote wawili kwa pamoja.

Mbonea akainamisha kichwa. "Ni kweli. Na kila nikimtazama nalikumbuka neno langu hilo. Nisipojifunza, nitamwombaje msamaha?"

Muda wote huo Nakunda alikuwa ameketi katikati yao, akihamisha macho mdomo hadi mdomo. Alijua wanagombana, kwa nini, hakujua. Akainuka, akatoka, akaketi juani akiwapa mgongo. Mbonea akamwita kwa mazoea, kisha akakumbuka.

"Niandike jina la nani?" mwalimu aliuliza.

Hapo ndipo ninapowaachia. Angekosekana mmoja wa hao watatu, leo ningekuwa nawasimulia kaburi. Tena kila mmoja ana lake linalomuuma. Atakayekwenda ndiye atakayeongea na yule mtoto. Waliobaki watamwona akikua kama watu wanaotazama kupitia dirisha lililofungwa. Wala msiniambie aulizwe mwenyewe. Nani amuulize, na kwa lugha gani?

Mwalimu ana kalamu mkononi, na basi linaondoka saa nane. Je, wewe ungemwandika nani?