Kadi Iliyomkata Mzee Ng'wandu

Tulieni niwape kesi, maana mimi katibu wa kamati ya harusi imenishinda na kichwa kinaniuma. Atakayeiamua vizuri achukue na ukatibu wenyewe, nitamshukuru.

Harusi ni ya Kabula, binti wa Mzee Ng'wandu, na kadi zilikuwa mikononi mwa watu watatu. Lameck, kijana wa jirani, anajua kuandika programu: unampa majina ya waalikwa, kompyuta inatema kadi za PDF, kila mtu na yake. Tausi, shoga wa bibi harusi, ana jicho la herufi. Hapiti bango bila kukwambia limepinda wapi. Na Wande, dada yake Mzee, ana sauti. Msicheke, hiyo nayo ni karama.

"Majina ya wazazi yang'ae!" Wande aliamuru. "Dhahabu, tena makubwa!"

Tausi akachagua fonti ya mikunjo, nzuri mno. Lameck naye akaiagiza programu yake: chochote kilicho kati ya ritifaa mbili kitoke kwa dhahabu, kisha ritifaa zenyewe zifutwe. Ritifaa! Kile kialama cha kwenye ng'ombe! Huku kwetu Usukumani, ambako kila nyumba ina Ng'wa fulani! Jamani, kibodi nzima ile, akaona hicho tu.

Mkewe Mzee Ng'wandu anaitwa Ng'washi. Programu ilipokuta ritifaa katikati ya jina la Mzee, ikadhani dhahabu imeishia hapo. Kadi ikatoka "Mzee Ng" kwa dhahabu, "wandu na mkewe Ng" kwa viherufi vyeusi kama sisimizi, halafu "washi" kwa dhahabu tena. Na hakuna aliyekagua. Zikatumwa kwenye simu za watu hivyo hivyo.

Mzee alipoiona hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha.

"Ng'wandu ni mimi," alisema. "Huyu Ngwandu aliyekatwa shingo simjui. Yeye ndiye kaalika watu, basi yeye ndiye aje amtoe binti."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Harusi ni kesho kutwa! Kabula akakaa chini pale pale sebuleni akalia, na haki yake.

Lameck alikuwa anarudia jambo moja tu, "Programu haina kosa, imefanya nilichoiambia." Nusura nimrushie kikombe. Wande ndiye aliyeichukua kadi akaisoma kwa sauti, akairudia, mpaka akapiga kofi mezani.

"Wewe Lameck! Inakatika kila penye ng'! Kwa kaka hapa, kwa wifi hapa. Kwenu hamna Ng' hata mmoja?"

"Sisi Wahaya, Shangazi. Majina yetu hayana."

Lameck akainama kwenye kompyuta. Akaiondoa ritifaa kwenye kazi ile, akaweka kinyota mahali pake, akapitia programu yote mstari kwa mstari. Dhahabu ikaenea jina zima. Tukapiga vigelegele, kumbe mapema. Fonti ile ya mikunjo haikuwa na ritifaa kabisa! Ilipotakiwa kuiweka, ikaweka kijisanduku kitupu. Tukampitishia Mzee simu dirishani.

"Sasa mmenitoboa dirisha shingoni!" akafoka, akairudisha.

Tausi akaivuta kompyuta kwake. Akaifungua fonti yenyewe, akaichukua koma yake, akainakili na kuipandisha juu, kando ya g. Maana ritifaa ni nini kama si koma iliyopanda ngazi? Ikakaa kama imezaliwa hapo.

Mzee akaitazama. Akalisoma jina lake polepole, la mkewe akalisoma kwa sauti. Mlango ukafunguka.

"Sasa ni mimi," akasema. "Binti nitamtoa. Lakini kwetu kazi haiachwi bila shukrani. Chini kabisa andikeni kwa dhahabu, 'Aliyeiponya kadi hii ni fulani.' Bila hilo isitumwe kwa mtu."

Basi tena! Wande anasema bila yeye ugonjwa usingejulikana. Sawa, lakini dhahabu iliyoleta ugonjwa ni amri yake. Lameck anasema bila yeye jina lingekatwa mpaka leo. Sawa, lakini aliyelikata nani? Tausi anasema bila yeye Mzee angekuwa bado ndani. Sawa, na ile fonti isiyo na ritifaa aliichagua jirani?

Msiniambie niwaandike wote. Nimeshajaribu: kadi inajaa, neno "Karibuni" linasukumwa ukurasa wa pili peke yake, na Mzee keshauliza kwa nini karibu yake imefukuzwa nje.

Kabula amefuta machozi, ananiambia, "Mama katibu, andika hata jina la paka, mimi nataka kuolewa."

Mstari ni mmoja, simu ninayo mimi, waalikwa wanasubiri. Haya, wewe unayenikodolea macho: ungeandika jina la nani?