Kwa Nini Vunjajungu Hukaa Nje ya Nyumba

Mnaniuliza yule wa kijani ukutani ni nani, na huyu wa kahawia kwenye kuni ni nani. Ni ndugu hao. Kaeni basi niwaeleze, wala msinikatize, maana leo nimechoka tangu asubuhi.

Zamani hizo wadudu hawa wote walikuwa na rangi moja, rangi ya majivu, nao waliishi ndani pamoja na watu. Walikula nzi na mende, watu wakawaacha. Nyumba ya Namkunda mfinyanzi ndiyo iliyokuwa na wengi.

Namkunda alikuwa amefiwa na mumewe, Mbonea. Na desturi ya kwao ilikuwa hii: mjane havui kaniki ya msiba mpaka awapikie wakwe zake kwa jungu jipya alilolifinyanga mwenyewe. Kabla ya hapo haruhusiwi kuondoka, hata kwenda kwao. Naye Namkunda alikuwa na mama mgonjwa ng'ambo ya mlima. Kila jioni aliutazama mlima ule, akaguna, akarudi kukanda udongo. Alichoka, jamani, mpaka machozi yenyewe yakawa kazi.

Siku moja, jungu likiwa bado bichi, nzi alitua ukingoni. Mdudu mmoja akamrukia, na miguu yake yenye miiba ikakwaruza udongo. Namkunda hakuona. Alipolitia jungu motoni, pah! Likapasuka.

Aliketi chini akaokota vigae, akaiona ile mikwaruzo. "Nani kati yenu?" akauliza. Wote wakainua mikono: si mimi. Sura moja, rangi moja, atamjua vipi mkosaji? Angekuwa mtu mwingine angewaponda wote, lakini hata hasira hutaka nguvu, naye hakuwa nazo.

"Vunjajungu nyinyi," alisema kwa sauti ya chini. "Mnajua mama yangu anafia kule? Tokeni. Na kila mmoja avae rangi ya mahali atakapokaa, nipate kuwatambua. Jungu langu likitimia, nitawaita."

Wakatoka. Aliyeingia majanini akawa wa kijani. Aliyeng'ang'ania kuni akakonda, akawa wa kahawia kama kijiti. Wa mtini akapata mabaka ya magome. Mdogo wao akaangukia mauani, akawa na weupe na wekundu, hata nyuki humdhania ua. Kosa la mmoja hilo. Mchuma janga hula na wa kwao.

Namkunda akachimba udongo mwingine, akaanza upya. Safari hii jungu likaiva salama. Wakwe wakala wakashiba, na mama mkwe akamvua kaniki kwa mikono yake. "Nenda, mwanangu," akamwambia. "Umekaa vya kutosha."

Hata vyombo hakuosha. Alivuka mlima mchana uleule, akamkuta mama yake yu hai, akabaki kumuuguza, na hakurudi tena. Akawasahau vunjajungu. Nani angemlaumu?

Na tangu siku hiyo vunjajungu wana rangi za kila namna, lakini hawaendi mbali na nyumba za watu. Utawakuta ukutani, uani, kwenye michongoma, mikono wameinua, vichwa wamegeuzia mlangoni. Wanangoja kuitwa. Nasi tulio ndani hatuwezi kuwaita, kwani jungu lililovunjika halikuwa letu.