Aliyeliwasha Gari la Kwemkole

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kujibu auume ulimi kwanza. Hadithi hii ina watu watatu, na nimeshaona watu wazima na ndevu zao wakinuniana kwa sababu yao.

Kwemkole ni kijiji cha milimani, na hao watatu wote ni wa hapo. Wa kwanza ni Fundi Mkufya, mwenye mikono. Mkufya akiingiza mkono chini ya injini, mahali ambapo hata tochi haifiki, vidole vyake vinapata nati na kuifungua yeye akiwa anazungumza na wewe habari za mahindi.

Wa pili ni Zaina, binti aliyesomea umeme wa magari mjini akarudi na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na gari likiugua kompyuta inaandika kodi, herufi na tarakimu. Zaina akiiona kodi anajua gari linalalamikia nini.

Wa tatu ni Mzee Kaoneka, na kipaji chake ni kutunza. Uani kwake kulikuwa na gari la marehemu mwanawe, halina gia boksi, limekalia mawe, limefunikwa turubai. Aliapa kaburini kwa mwanawe kwamba halitatolewa hata skrubu. Mafundi walimbembeleza wakachoka, wakamwacha na gari lake.

Basi siku hiyo, adhuhuri imepita kidogo, Mwanaheri mke wa Hemedi alishikwa na uchungu wa kujifungua, na damu ikaanza kumtoka vibaya. Mkunga wa zahanati akasema huyu si wa hapa, ateremshwe hospitali ya wilaya sasa hivi. Wakamlaza kwenye gari la zahanati, ndilo pekee linalotembea kijijini. Dereva akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, isishike.

Hemedi alishuka garini. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa. Akasema watu wote wakimsikia, "Atakayeliwasha gari hili, ndiye atakayempa mtoto wangu jina."

Sasa msidhani hilo ni jambo dogo. Kwemkole, anayempa mtoto jina ni mzazi wake wa pili. Ana sauti mtoto asome wapi na aoane na nani. Na kama mama hayupo duniani, mtoto huhamia kwa huyo mtoa jina, analelewa huko mpaka awe mtu mzima. Hemedi alilijua hilo, lakini wakati ule mama alikuwa hai, naye hakutaka kufikiria vinginevyo.

Aliyefika kwanza ni Mkufya. Akafanya wanavyofanya mafundi wote wa Kwemkole gari likigoma: akachomoa waya wa betri, ati kompyuta ipumue. Hemedi mwenyewe alimshikia spana. Wakasubiri, wakarudisha, wakapiga stata. Wapi.

Zaina akaja mbio na kifaa chake, akachomeka, akatazama. Hakuna kodi hata moja.

"Mmechomoa betri?" akauliza.

"Tumechomoa," akasema Mkufya.

"Fundi, kwa kuchomoa umezifuta kodi zote. Sasa itabidi tupige stata mpaka ugonjwa ujiandike upya."

Wakapiga, wakaipumzisha betri, wakapiga tena. Ndani ya gari Mwanaheri alikuwa akilia kwa sauti, halafu akawa analia kidogo kidogo, na Hemedi akatamani alie kama mwanzo. Kivuli cha zahanati kilikuwa kimeshavuka barabara kodi ilipojitokeza.

"Sensa ya krenki," Zaina akasema. "Kompyuta haioni kama injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto." Akapima waya, akakuta waya ni mzima. "Sensa yenyewe imekufa. Bila nyingine tutakesha hapa."

Watu wakamgeukia Mzee Kaoneka, maana gari la mwanawe lilikuwa la aina hiyohiyo. Kila mtu alijua sensa ya namna ile iko wapi, na hakuna aliyetaka kuitaja.

"Mbona mnanitazama hivyo?" akasema Mzee Kaoneka. "Twendeni."

Alilivua turubai kwa mikono yake mwenyewe. Mkufya akamuuliza kama ana hakika. "Toa kabla sijaghairi," mzee akajibu, kisha akageukia ukuta, akalia.

Mkufya akaitoa sensa ile kwa kupapasa, akakimbia nayo, akaifunga kwenye gari la zahanati kwa kupapasa vilevile. Fundi mwingine angefungua nusu ya injini kwanza. Alitoka chini mikono imechubuka mpaka damu, akapanda yeye mwenyewe, akazungusha ufunguo. Likawaka.

Hospitalini mtoto alizaliwa hai, wa kike. Mwanaheri alirudi amefunikwa shuka. Daktari alimwambia Hemedi kwa upole, "Damu ilimwishia njiani. Mngewahi kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Siku ya kunyolewa nywele za utotoni ilipofika, shehe akauliza nani anatoa jina. Wakasimama watatu.

"Bila mimi mngekuwa mnagongagonga mpaka leo," akasema Zaina. "Na huyu ni wa kike, hana mama. Mnipe mimi."

"Mimi nimevunja kiapo cha mwanangu," akasema Mzee Kaoneka. "Nyumba yangu haina mtoto. Sina la kuongeza."

Mkufya alisema mwisho. "Mkono uliozungusha ufunguo ni huu. Uliochomoa betri ni huu pia, sikatai. Ndiyo maana namtaka. Nimemkosea mama yake, niacheni nimlee."

Hemedi alimchukia Mkufya kwa moyo wake wote, halafu akakumbuka ile spana, akajichukia na yeye. Dada zake walimnong'oneza nyuma, "Usimpe mtu mtoto. Maneno ya aliyechanganyikiwa si ahadi." Naye hilo ndilo alilolitaka. Alitaka kumchukua mwanawe, aingie naye ndani, afunge mlango.

"Hemedi," shehe akasema, "ulisema mbele za watu."

Mtoto akaanza kulia, anataka kunyonya. Wale watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja, na Hemedi akambana kifuani.

Haya, ulimi sasa uachieni. Kodi iliyosomwa, sensa iliyotolewa, ufunguo uliozungushwa: kimoja kingekosekana, hata huyo mtoto asingekuwapo. Je, ungekuwa wewe ndiye Hemedi, ungemkabidhi nani?