Doti ya Mwanamvua na Neno "Umezidi"

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizibe mdomo. Leo sina sungura wala fisi. Nina kesi ya wanawake wanne wa Tanga, na hukumu itatoka kwenu, kwa hiyo nisikilizeni kama mahakimu, msinisikilize kama wageni wa harusi wanaongojea pilau.

Wa kwanza ni Salome, muuguzi. Kipaji chake ni milango. Ukimwambia unatafuta mtu, dawa au ofisi iliyofungwa, yeye anamjua shemeji wa mlinzi, na kesho yake umeshaingia. Wa pili ni Daktari Kisaka, mwanamke mrefu asiye na haraka. Kipaji chake ni kusema kitu kama kilivyo, bila kukitia sukari wala pilipili. Wa tatu ni Bi Chausiku, kungwi aliyewafunda maharusi wengi wa Ngamiani. Kipaji chake ni masikio. Kaa naye kwa kikombe kimoja cha kahawa, utajikuta unasema hata lile uliloapa kufa nalo.

Wa nne ni Mwanamvua, fundi cherehani, na kesi ni yake. Kipaji chake ni mkasi. Anakutazama mara moja unapoingia mlangoni, kitambaa anakikata bila chaki, na gauni linakukaa. Lakini ndoa yake na Sufiani ilipovunjika, Mwanamvua alikuwa amekwisha kufa ganzi. Sisemi ganzi ile ya mguu uliokaliwa vibaya. Hii ilikuwa ya mtu mzima, kichwa hadi kidole. Alikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Siku moja sindano ilimpita kidoleni, akaiona damu kwenye satini ya mteja ndipo akajua kuwa ameumia. Akaisikitikia satini.

Ganzi hiyo ilianza kwa neno moja. Ilikuwa wiki ya kwanza ya ndoa, mara ya kwanza wawili hao kukaribiana kama mke na mume. Baadaye Mwanamvua akajifunika na kugeukia ukuta kwa haya, na Sufiani, nyuma yake, akasema, "Mwanamvua, umezidi."

Basi. Sufiani hakueleza, naye hakuuliza, kwa sababu Bi Chausiku alipomfunda alimwambia kwamba neno la mume chumbani mke hulimeza. Mwanamvua akalimeza. Siku aliyobaki peke yake nyumbani akachukua kioo, akajitazama mahali ambapo hakuwahi kujitazama, akakiona alichodhani ndicho kilichozidi. Yeye ni fundi, jicho lake limezoea kutafuta kilichotoka nje ya mshono. Tangu siku hiyo Sufiani akimsogelea, yeye anakuwa gogo. Mwisho Sufiani akatoa talaka, kwa upole, bila ugomvi, akarudi kwao Muheza kwenye biashara yake ya machungwa.

Na lipo jingine, msije mkaniambia kwamba shida yote ilikuwa neno tu. Kukaa kwenye cherehani kutwa nzima, miguu ikikanyaga, huko chini kulikuwa kunamchubua kweli. Siku nyingine hata kutembea mpaka dukani ilikuwa taabu.

Sasa mtazameni Salome. Alikuja kuchukua sare zake, akamwona Mwanamvua anavyojigeuzageuza kitini.

"Shoga, hicho kiti kina siafu?"

Mwanamvua akamwambia nusu. Akasema anachubuka, akasema kule chini amezidi. Neno la Sufiani hakulitaja. Salome hakucheka wala hakuziba mdomo kwa mshangao, na kwa hilo peke yake nampa heshima. "Upasuaji wake upo," akasema. "Wanapunguza, unashonwa, unakwenda nyumbani. Na yupo daktari mwanamke." Mwanamvua hakujua kama jambo lake lina jina, sembuse daktari. Wiki haijaisha Salome akampatia nafasi ya kuonwa. Kuhusu kuzidi kwenyewe hakumuuliza lolote. Aliambiwa kitu kimezidi, akatafuta mahali kinapopunguzwa.

Mtazameni na daktari. Alimpima Mwanamvua taratibu, akavua glavu, akakaa.

"Haya ni mashavu ya uke. Nimewaona wanawake wengi, na sijawaona wawili wanaofanana. Yako yametokeza, upande mmoja kuliko mwingine. Huna ugonjwa, na huna kilema."

"Kwa hiyo sijazidi?"

"Umezidi kuliko nani?"

Daktari akamwambia aache sabuni ya manukato, aache nguo za ndani zinazobana, apake mafuta aliyompa, aweke mto kitini. Wengine huwatosha hayo. Wengine hayawatoshi, wanafanyiwa upasuaji na wanashukuru. Na wapo wanaobaki na kovu linalouma, au wanapoteza hisia mahali pale.

"Naweza kupunguza," akasema. "Kurudishia siwezi."

Hilo Mwanamvua alilielewa. Gauni refu unaweza kulikunja upindo, ila lililokatwa fupi huna la kulifanya. Lakini alilielewa kwa mbali, kama anasikiliza redio ya jirani.

"Hizo hisia zikipotea," akasema, "hata sasa sina."

Daktari Kisaka akaweka kalamu chini. "Ganzi hiyo kisu changu hakiiwezi, Mwanamvua. Tarehe nakupa, kwa sababu mwili ni wako na kuchubuka ni kwa kweli. Lakini siku hiyo nitakuuliza tena kabla sijagusa kitu."

Mto ukawekwa, sabuni ikabadilishwa. Kuchubuka kukapungua, hakukwisha.

Sasa Bi Chausiku. Jambo la namna hiyo mwanamke haendi bila kungwi wake, kwa hiyo Mwanamvua alikwenda kumwomba. Wawili hawa huitana somo, kama ilivyo desturi.

"Somo, nisindikize hospitali. Nakwenda kupunguzwa."

Kikombe cha Bi Chausiku kikaishia njiani. "Mtaani tunapiga kelele watoto wa kike wasikatwe, na wewe mtu mzima unajipeleka kwa miguu yako?"

"Si sawa na hayo, somo. Mimi hakuna anayenishika."

"Na kwa nini upunguzwe?"

"Nimezidi."

"Nani kakwambia?"

Bi Chausiku akamwongezea kahawa, akangoja, kama anavyojua kungoja. Ndipo Mwanamvua akalisema lile neno kwa sauti kwa mara ya kwanza, akamtaja aliyelisema. Alilisema kavu, kama mtu anayesoma vipimo vya mteja. Bi Chausiku akajitanda baibui yake, akaondoka, kahawa akaiacha inapoa.

Siku ya upasuaji Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba, kanzu ya hospitali mwilini, viatu amevuliwa. Hakuwa na hofu. Hakuwa na chochote. Bi Chausiku akaingia anahema, mkoba wake unanukia machungwa.

"Natoka Muheza. Nimemwona Sufiani. Nikamuuliza, mke wako ulimwambia amezidi nini? Akaduwaa. Akafikiri mpaka akakumbuka. Akasema, 'Mama, si ile siku alijifunika shuka juu ya kanga, na blanketi juu ya shuka, na joto lile la Tanga? Nikamwambia umezidi. Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka wala hakugeuka. Nikajua hanitaki.'"

Mwanamvua akamgeukia somo wake.

"Alikuwa anacheka?"

"Anasema alikuwa anacheka. Na mimi ndiye niliyekwambia umeze, mwanangu. Ungemuuliza siku ileile, yangekwisha palepale. Nisamehe."

Mwanamvua aliinamisha macho akaziona nyayo zake kwenye sakafu ya saruji, na sakafu ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi tangu alipokaa, ila ndiyo kwanza anaisikia. Baridi ikampanda miguuni, na nyuma yake ikaja hasira. Akamkasirikia Sufiani aliyeondoka bila kuuliza, akamkasirikia somo, akajikasirikia yeye mwenyewe na kioo chake. Iliuma sana, kama mguu unaotoka ganzi unavyouma ukiukanyagia.

Mlango ukafunguka. Salome amesimama na trei, na kwenye trei kuna sindano ya ganzi. Daktari Kisaka akaja mpaka kwenye benchi, akachuchumaa.

"Mwanamvua. Nikate, au nisikate?"

Kumbukeni hapo mambo yalivyo. Neno limeondoka. Mume hayupo. Lakini kiti cha cherehani kipo palepale, na kesho atakikalia. Mwanamvua akavuta pumzi, akajibu, kwa sauti ambayo Salome anasema hakuwahi kuisikia kwake. Daktari akafanya kama alivyoambiwa.

Mnataka kujua alijibuje? Nalijua jibu lake, na silisemi. Kilichopo au kisichopo ndani ya nguo za Mwanamvua si chenu wala si changu. Kesi niliyowaletea ni nyingine.

Mwezi uliofuata alionja chai akamwambia jirani yake, "Hii umeijaza sukari." Siku hiyohiyo akaenda sokoni, akachagua doti moja ya kanga, nyekundu na nyeusi. Kwao, mtu aliyekutoa kwenye jambo zito humpi ahsante ya mdomo. Unamfunika kanga mabegani kwa mkono wako mwenyewe, watu wakiona, na kwa jambo moja hufunikwa mtu mmoja tu. Akawaalika wote watatu, kahawa ikamiminwa, kashata zikapita.

"Shoga, huyu daktari ungemjulia wapi bila mimi?" akaanza Salome, utani nusu. "Leo ungekuwa bado unajigeuzageuza kitini."

"Mimi kisu nilikuwa nacho mkononi," akasema Daktari Kisaka, "na nikauliza kwanza. Si kila mwenye kisu anauliza."

Bi Chausiku akasema, "Mimi sidai kitu. Lakini ule mwiba nimeuchomoa mimi."

"Na aliyemwambia autie ndani ni nani?" akauliza Salome.

Utani ukaishia hapo. Bi Chausiku akatazama kikombe chake, na hakuna aliyepitisha kashata tena.

Basi, mahakimu wangu. Msiniambie doti ikatwe, maana Mwanamvua siku hiyo mkasi ameufungia kabatini, na kanga mbili kwa mabega ya watu watatu hazigawiki. Msiniambie ajifunike mwenyewe. Hilo ni jibu la wavivu, na yeye amekwisha kulikataa: alijifunika mwenyewe miaka yote, anasema, imetosha. Amesimama katikati ya chumba, doti ameikunjua, na kila kidole kinachoishika anakisikia. Yupo aliyemfungulia mlango bila kumuuliza sababu. Yupo aliyemwambia ukweli wote wakati yeye hausikii. Yupo aliyeling'oa neno ambalo yeye mwenyewe alisaidia kulipanda.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, unayejifanya huna la kusema. Kanga iko mikononi mwako sasa. Ungemfunika nani?