Kiti cha Kiboko na Matikiti ya Pimbi

"Niwashe?"

"Washa!"

"Ikizimika njiani?"

"Tutaisukuma!"

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, usinisahaulishe nilipofika.

Zamani hizo wanyama walikuwa na mashindano ya magari. Si magari ya mizigo, la! Yalikuwa membamba, hayana paa, kiti kimoja tu, na magurudumu yametokeza nje kama macho ya chura. Walishindana msimu mzima, leo bondeni, kesho kutwa mbugani, wakikusanya pointi. Aliyemaliza na pointi nyingi ndiye aliyekabidhiwa chemchemi kiangazi kizima.

Kila mwaka bingwa alikuwa Kiboko, na Kiboko alikuwa mchoyo, jamani! Alijilaza majini mchana kutwa, wenzake akawaachia tope. Kiangazi kimoja Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, aliwaona wanawe wawili wakilamba umande kwenye mawe. Roho ilimuuma. Akasema, "Msimu ujao nami naingia."

Akaingia. Nyuma yake Kiboko, nguruuum! "Pisha, kokoto!" Naye Pimbi, titititi! "Napisha, mzee." Bondeni hivyo. Mbugani hivyo. Siku nyingine gari la Kiboko lilivunjika kwa uzito wake, Pimbi akaokota pointi, taratibu, bila kelele. Zikabaki mbio za mwisho. Kiboko alikuwa mbele kwa pointi. Akifika tu, hata akiwa wa mwisho, yeye ndiye bingwa.

Pimbi hakulala vizuri. Lakini jambo moja alikuwa ameliona: siku ya mbio Kiboko hali kitu. Nyani, mafundi wake, humpaka mafuta mbavuni na kumsukuma kitini. Moja, mbili, puu! Hapo ndipo huenea.

Mbio za mwisho zilikuwa kwenye majabali, nyumbani kwa Pimbi. Desturi yao, kila dereva lazima asimame mara moja kubadilisha matairi, na mwenyeji humpa kitu cha kutafuna papo hapo kitini. Pimbi akarundika matikiti, mekundu ndani, yanachuruzika.

"Mzee," akamwambia Kiboko, "utapewa kipande kimoja tu. Yaliyobaki ni ya wenzako."

"Wenzangu?"

"Wote watakula, mzee."

Maneno hayo yalimchoma Kiboko kuliko njaa.

Korongo akashusha bendera. Nguruuum! Kiboko akawaacha wote mbali. Akasimama kubadilisha matairi. Mke wa Pimbi akampa kipande, kwacha, kimekwisha. Kiboko akatazama rundo. Akatazama nyuma, hakuna mtu.

"Nina muda," akasema.

"Mzee, usishuke!" nyani wakalia. "Hutaenea tena!"

Akashuka. Kwacha, kwacha, kwacha! Akala lake, akala la Swala, akala la Ngiri, hata maganda hakubakiza. Kisha akarudi garini. Moja, mbili... Moja, mbili... Wapi! Tumbo limekataa.

Titititi! Pimbi akaja, akabadilisha matairi. Alipokuwa akitoka akauliza kwa adabu, "Nikupishe, mzee?" Akaenda zake, akashinda. Kiboko hakuzimaliza mbio zile mpaka leo.

Jioni ile wanyama wote walikunywa, na watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakacheua. Pimbi alitamani kulia kwa furaha. Mara Kiboko huyo, anajikokota, midomo imekauka kwa utamu.

"Maji, ndugu yangu."

"Karibu, mzee," Pimbi akasema. "Funda moja tu. Yaliyobaki ni ya wenzako."

Na funzo lake, wanangu, ni kuwakirimu wageni kwa moyo mweupe, kama Pimbi. Ukarimu haujamdhuru mtu hata siku moja.

"Nizime?"

"Zima!"

Nimezima. Na wewe wa karanga, umemaliza zote peke yako?