Aliyeitikia Hodi

Hapo kale, watoto, na sogeeni karibu maana kisa hiki kinatisha, Mama Pimbi aliishi na wanawe watatu katika pango la mawe. Kilima kile kilikuwa na sheria: anayeitikia hodi ndiye mwenye nyumba.

Siku moja Mama Pimbi alikwenda kuchuma majani. Fisi akaja, akajilaza kizingitini.

"Napumzika tu, wanangu. Jua kali."

Kobe akapita. "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Fisi akadakia.

Mama Pimbi aliporudi, alikuta chungu chake kimetupwa nje.

"Bwana Fisi, hii nyumba yangu!"

"Muulize Kobe nani ameitikia."

Kobe akarudisha kichwa gambani. "Ni... ni Fisi, dada. Sheria ni sheria."

"Kuitikia ndiyo kujenga? Pango hili nimelichimba kwa kucha hizi!"

"Uuu-hi-hi-hi! Lala huko huko nje. Watoto nitawalea mimi."

Atawalea! Mnamsikia? Aliwakataza kuongea kipimbi, akawalazimisha kucheka kifisi. Kila jioni aliwabonyeza mapaja. "Bado kidogo," alisema. Kisha alijilaza kwenye mlango wa chumba cha ndani, watoto nyuma yake, na mama yao akisikia kutoka nje meno yakisagana: krrr, krrr.

Jioni moja akasema, "Huyu mkubwa ameiva."

Mama Pimbi alikimbia hadi kwa Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu.

"Shoga, wanangu wanaliwa!"

"Ukuta wa nyuma hauna ufa?"

"Upo, watoto wanapenya. Ila wakijitikisa tu, anawasikia."

Sange akatega sikio. Chini kwenye nyasi palikuwa na sauti: shwaaa... Siafu! Manyoya yakamsimama. Hata hivyo akawafuata.

"Wakubwa, kuna nyama pale pangoni. Lakini bisheni hodi kwanza."

Halafu mbio, puru! hadi mlangoni kwa Fisi.

"Wewe! Wageni wanakuja, na njia nzima wanasema nyumba ni ya Pimbi."

"Nani kasema?"

"Watakosaje kusema? Mwenye nyumba hupokea wageni mlangoni. Wewe umejificha chumbani kama mwali!"

Fisi akaruka hadi mlango wa nje. Kule nyuma, alikotumwa na Sange, mama akanong'ona ufani, "Ss! Njooni!" Akatoka mkubwa. Akatoka wa pili. Mdogo akakwama tumbo.

"Hodiii..." sauti nyembamba, nyingi mno, zikatoka nyasini.

Fisi akasita. "Mbona siwaoni?"

"Haya, usiitikie," Sange akasema. "Ataitikia Pimbi."

"Asithubutu! Karibuni! Karibuni nyote, hapa kwangu!"

Mama akavuta kwa nguvu zote. Pwa! Mdogo akachomoka.

Shwaaa! Siafu wakapanda miguuni, masikioni, puani.

"Yalaa! Tokeni! Tokeni!"

"Tumekaribishwa na mwenye nyumba," wakajibu. "Sheria ni sheria."

Fisi akatimka akilia, mgongo wake wote mweusi kwa siafu. Kilio kikasikika mbali, kikafifia, kikakatika.

Siafu hawakai mahali. Kulipokucha walikuwa wameshapita, pango safi, halina hata kunguni. Mama Pimbi akaingia na wanawe.

"Hodi..." Alikuwa Kobe.

Wote wanne wakapaza sauti, "KARIBU!" Kisha Mama Pimbi akaongeza, "Lakini wewe, kaa hapo hapo nje."

Basi watoto, hodi ya mlango wenu itikieni wenyewe.